Punju wa Unguja, Popo wa Pemba

Wageni wengi huipangia Zanzibar safari kama kisiwa kimoja: siku zote Unguja, na Pemba nafasi ikipatikana. Kwa anayetaka fukwe hakuna ubaya. Kwa anayefuata miti na wanyama ni hasara. Mkondo kati ya Unguja na bara hauna kina kikubwa. Zama za barafu, bahari ilipopwa, mnyama aliweza kuvuka kwa miguu. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, na kisiwa kimekaa peke yake muda mrefu mno. Basi vitembelee kama nchi mbili.

Anza na Jozani, kama kilomita 35 kusini-mashariki mwa Mji Mkongwe. Daladala za Makunduchi hupita langoni. Wahi asubuhi, kabla joto halijapanda na magari ya watalii hayajajazana. Kima punju ni wa Unguja asilia: mgongo mwekundu, uso mweusi, nywele nyeupe zilizosimama kama za mtu aliyeamshwa ghafla. Mtazame mkono anaposhika tawi, utaona kidole gumba hakipo, ni kinundu tu. Chakula chake hasa ni majani machanga. Wale wanaokaa pembeni mwa msitu hula sana majani ya miembe na mikungu, kisha huokota mkaa wakautafuna. Watafiti wanasema mkaa hunasa sumu iliyomo kwenye majani hayo. Kwa hiyo ndizi yako kaa nayo. Wamezoea watu hadi kupita miguuni, lakini wewe jitenge mita tatu hivi, na ukiwa na mafua usiwakaribie kabisa. Ukiendesha gari, punguza mwendo, maana barabara inaukata msitu na punju hugongwa.

Usiondoke bila kupita njia ya mbao mikokoni. Maji yakijaa picha hutoka nzuri, ila mimi napendelea maji kupwa, mizizi ikiwa wazi na kaa wakitoka mashimoni. Paa nunga yumo msituni, lakini ni mwoga, usimtegemee. Chui je? Utasimuliwa mengi, hasa ukiuliza wazee. Sikiliza, ila usilipie safari ya kumtafuta.

Pemba unafika kwa boti kutoka bandari ya Malindi, Mji Mkongwe, hadi Mkoani, au kwa ndege ndogo hadi Chake Chake. Majira ya kusi bahari huchafuka; anayelewa bahari apande ndege. Masika, Machi hadi Mei, njia za msituni ni tope tupu.

Karibu na Chake Chake, nenda Kidike alasiri. Popo wa Pemba hapatikani penginepo duniani, na mabawa yake yakikunjuliwa hufika kama mita moja na nusu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kuwindwa kulikuwa karibu kummaliza. Wanavijiji wakaanza kumlinda, na leo wapo maelfu. Wananing'inia juu mitini wakigombana na kujipepea. Akitokea mtu wa kuwapigia makofi waruke upate picha, mkataze: popo huhitaji kulala mchana ili ahangaikie matunda usiku.

Ngezi iko kaskazini-magharibi, kilomita chache kupita Konde. Humo mvule husimama kando ya mpapindi, mtende wa Pemba tu ambao jamaa zake wa karibu wako Bukini, yaani Madagaska. Ndege wa kutafuta ni ninga wa Pemba na chozi wa Pemba, na giza likiingia, bundi mdogo wa Pemba, ambaye mara nyingi utamsikia kabla hujamwona. Matembezi ya usiku yapatane mchana langoni, uvae viatu vya kufunika vidole, na tochi uje na yako.