Alaimenti ya Magurudumu ya Mbele

Alaimenti ni kurekebisha mwelekeo wa magurudumu ili gari linyooke barabarani na kutii usukani.

Swali: Umbali kati ya matairi mawili ya mbele, ukipimwa usawa wa kitovu cha gurudumu, ni milimita 1,452 upande wa mbele na milimita 1,462 upande wa nyuma. Mtengenezaji ameelekeza tofauti ya milimita 2. Eleza kasoro na namna ya kuirekebisha.

Jibu: Tofauti ni 1,462 – 1,452 = milimita 10. Magurudumu yameelekea ndani kupita kiasi, hivyo matairi yatalika haraka kingo za nje.

Hatua:
(a) Kagua upepo wa matairi na viungo vya usukani. Badilisha kiungo kilicholegea.
(b) Nyoosha usukani.
(c) Legeza nati za tairodi, kisha zungusha tairodi zote mbili kwa kiasi sawa hadi tofauti iwe milimita 2.
(d) Kaza nati, pima tena, kisha lijaribu gari barabarani.

Zingatia: Usianze na hatua (c). Kiungo kikiwa kimelegea, gurudumu huyumba gari likitembea. Kipimo ulichopata gereji hakitadumu, na dereva anaweza kushindwa kulimudu gari.