Nauli Nafuu ya Ndege: Piga Hesabu Kabla ya Kulipa

Mkazi wa Nkuhungu, Dodoma, anayekwenda Dar es Salaam ana njia tatu: basi, treni ya SGR na ndege. Treni ilipoanza kufika Dodoma Julai 2024, nauli ya daraja la kawaida kutoka Dar ilikuwa shilingi 31,000. Shirika la ndege la Fastjet nalo, lilipoanza kuruka kutoka Dar kwenda Mwanza na Kilimanjaro Novemba 2012, lilitangaza nauli ya kuanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi. Iliwezekanaje?

Haikuwa huruma. Shirika la nauli nafuu hubana matumizi kila mahali. Hupendelea ndege za aina moja ili mafunzo ya marubani, ujuzi wa mafundi na vipuri visitawanyike: Southwest ya Marekani na Boeing 737, Jambojet ya Kenya na Dash 8-400. Hujaza viti vya daraja moja. Hushusha na kupakia haraka, maana ndege, kama daladala, haiingizi hela ikiwa imepaki. Huuza tiketi mtandaoni kukwepa kamisheni ya wakala. Chakula, begi na kuchagua kiti unalipia kando.

Viti vyenyewe hugawanywa kwa mafungu ya bei. Fungu la chini likiisha, anayefuata analipa zaidi. Hata Air Tanzania na Precision Air, ambazo si za nauli nafuu, huuza kwa mtindo huo. Ndiyo maana mbinu zifuatazo zinakufaa hata hapa Dodoma.

1. Kata tiketi mapema. Bei ya "kuanzia" ni ya viti vichache. Ukisubiri wiki ya safari, umewaachia wengine viti hivyo.

2. Soma kalenda ya Bunge. Bunge la Bajeti hukaa Aprili hadi Juni. Ijumaa wabunge na watumishi wanateremkia Dar. Jumapili jioni na Jumatatu asubuhi wanarudi. Wewe tafuta Jumanne au Jumatano.

3. Linganisha bei ya mwisho. Endelea hadi ukurasa wa malipo, uone kodi, ada za uwanja na begi. Hapo ndipo ulinganishe.

4. Pima begi nyumbani. Zabibu na karanga za kupeleka zawadi zina uzito. Begi la ziada lilipie wakati wa kukata tiketi. Kulilipia kaunta mara nyingi ni ghali zaidi.

5. Soma masharti. Tiketi ya bei ya chini aghalabu hairudishiwi fedha, na kubadili tarehe kuna faini. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho chako.

6. Jumlisha gharama za barabarani. Weka bajaji ya kutoka Nkuhungu na teksi ya kule uendako. Angalia pia tiketi imeandika uwanja gani.

Fastjet ilisitisha safari zake nchini mwishoni mwa 2018, kwa hiyo bei ndogo si dhamana ya shirika kudumu. Kama unakwenda Dar tu, tena na watoto na mizigo, panda treni. Ndege iwekee safari za mbali kama Mwanza au Bukoba, au siku ambayo saa zako zina thamani kubwa kuliko tofauti ya nauli.