Kurudi Nyumbani: Hesabu ya Shamba Kabla ya Safari

Katika kazi yangu ya kufasiri karatasi za Serikali, mara nyingi naona jibu moja likiandikwa bila kusitasita. Mtu amekaa Nairobi miaka ishirini, wanawe wamezaliwa huko, lakini fomu ikimwuliza nyumbani kwake ni wapi, huandika "Mukumu". Mtaa anaolipia kodi hautaji. Basi leo na tulitazame swali liwasumbualo vijana wengi waliotoka sehemu zile za Kakamega: je, nirudi, au nibaki?

Kuondoka si jambo jipya. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na mwaka 1906 mapadre wa Mill Hill wakafungua misheni Mukumu. Shule ilileta kalamu, reli ilileta njia, na kodi ya nyumba ikaleta haja ya fedha. Vijana wa Isukha wakaenda Kericho kuchuma chai, wakaenda kwenye karakana za reli na ofisi za Nairobi. Lakini aliyeondoka siku zile aliacha shamba likimngoja. Hata mwaka 1964, Mzee Jomo Kenyatta alipowahimiza wananchi warudi mashambani, wengi walikuwa na mahali pa kushika jembe. Leo mambo ni mengine. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kakamega ilikuwa na watu 1,867,579, yaani zaidi ya watu 600 katika kila kilomita moja ya mraba.

Msomaji, chukua kalamu tufanye hesabu pamoja. Ekari moja, ikiwa ya mraba, ni kama hatua 70 kwa hatua 70 za mtu mzima. Tuseme baba ana ekari mbili na watoto wanne, wana wawili na mabinti wawili. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, haimtengi binti. Najua wazee wengine watatikisa kichwa wakisoma haya, lakini ndivyo sheria isemavyo. Na mama akiwa hai, haki yake ya kukaa na kulima yatangulia. Kila mtoto, basi, fungu lake ni nusu ekari, yaani hatua 50 kwa 50 au pungufu kidogo. Ondoa mahali pa nyumba, choo, njia na migomba. Pengine utabakiwa na robo ekari na thumuni.

Panda mahindi hapo. Ukitia mbolea kwa wakati, na chokaa pale udongo ulipo mkali, tuseme ekari nzima ingekupa magunia 16. Sehemu yako itatoa 6. Ukipanda bila mbolea, huenda ukapata 3. Jamaa ya watu watano yaweza kula magunia yapata matano kwa mwaka. Gunia moja lililosalia halitalipa karo ya shule. Wala usidhani ng'ombe wa maziwa ataokoa hesabu hiyo kwa wepesi, kwa maana mmoja tu anaweza kumaliza nyasi za nepia za nusu ekari. Utahitaji kukodi shamba la jirani.

Je, maana yake usirudi? Sivyo. Maana yake ni kwamba mahindi peke yake hayatamweka kijana Mukumu. Mvua ya Kakamega ni nyingi, na mboga za kienyeji kama mnavu na kunde huanza kuchumwa baada ya majuma manne hivi au sita, tena soko la Khayega li karibu. Anayerudi na ufundi mikononi, wa useremala, wa kuunga vyuma au wa kutengeneza pikipiki, hulitumia shamba kwa chakula na ufundi kwa fedha. Mtu kama huyo nusu ekari yaweza kumtosha. Anayerudi na sanduku tu atakuwa mzigo kwa mama yake, naye mwenyewe atalijua hilo kabla ya mwezi kwisha.

Tuliyaona hayo mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, wengi waliporudi kwa kupoteza kazi. Walikuta nini? Kwa desturi kijana aliyekwisha oa halali katika nyumba ya baba yake; yampasa awe na nyumba yake ndogo, isimba. Asiyekuwa nayo alifika na mke na watoto akaanza kuomba mabati. Aibu hiyo ndiyo huwafanya wengine wabaki mjini hata mambo yakiwashinda, mpaka warudishwe nyumbani katika jeneza. Laiti wangalijenga chumba kimoja walipokuwa bado na mshahara!

Liko jambo jingine, nalo ni zito kuliko mbolea. Hati ya shamba ina jina la nani? Katika miji mingi jina ni la babu aliyekwisha kufa zamani, na hakuna aliyefungua mirathi. Ndugu wanalima kwa kuelewana. Siku mmoja akirudi kutoka mjini na kutaka kujenga, maelewano huvunjika, na kesi huenda mahakamani Kakamega ikawala wote fedha. Tena, kuikata ardhi ya kilimo vipande kwahitaji idhini ya Halmashauri ya Ardhi, kwa sheria ya mwaka 1967. Maneno ya baba mbele ya majirani hayatoshi.

Kwa hiyo kijana, hata kama hujaamua, ukienda nyumbani Desemba, ndugu zako wote wakiwapo, mwombe baba kwa adabu: "Baba, tunaomba utuonyeshe mipaka." Dada zako nao wawepo. Tembeeni naye polepole, mkihesabu hatua, mkiuliza kila alama ya mpaka ilipandwa na nani. Kisha mwombe alete hati, mlisome jina lililoandikwa juu yake kabla hujapanda basi la kurudi Nairobi.