Barabara ya A1 Kupitia Suna: Shuka Njiani

Barabara kuu ya A1 huingia Kenya kutoka Tanzania pale Isebania, ikapita Migori, Awendo, Rongo na Kisii hadi Kisumu, kisha ikashika njia ya kaskazini mpaka Turkana. Wasafiri wengi huichukulia Suna, yaani Migori na viunga vyake, kuwa mahali pa kununua maji na kuendelea. Wanakosea, kwa kuwa barabara hii inafuata biashara ya mpakani, haifuati historia ya wenyeji. Zamani njia kuu ilikuwa Ziwa Victoria, na mizigo ilishushwa Karungu na Homa Bay. Usafiri ulipohamia nchi kavu, maduka yakaifuata lami, na urithi ukabaki pembeni.

Urithi wenyewe ni Thimlich Ohinga, kilomita 46 hivi kaskazini-magharibi ya Migori: kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo wa kuyashikisha, zikasimama kwa karne kadhaa. UNESCO iliziingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Wapo watakaosema ni mawe matupu, afadhali Maasai Mara. Lakini wanyama huhama, nao ukuta husimulia jinsi jamii ilivyolinda watu na ng'ombe wake. Ukiacha lami, mvua huigeuza njia kuwa tope, kwa hiyo nenda asubuhi. Ukichukua bodaboda, patana nauli ya kwenda, kungoja na kurudi kabla hujapanda. Ukiachwa huko, bei ya kurudi haitakuwa mikononi mwako. Teksi za Probox na matatu haziondoki mpaka zijae, basi usipange safari mbili za saa zinazofuatana. Ukiwa Isebania, usibadilishe pesa na mtu anayekukimbilia dirishani. Ingia benki au duka la kubadilishia fedha linalotoa risiti.

Kwa Homa Bay, wengi husifu kuzunguka na A1 hadi Rongo, kisha Rodi Kopany. Sifa hiyo inamfaa anayetoka Migori au Tanzania tu. Anayetoka Kisumu apite Katito na Kendu Bay: ni karibu zaidi, na ziwa humsindikiza. A1 ni barabara nzuri ya kukufikisha Suna. Ukitaka kuijua Suna, iache lami.