Usihesabu Maiti, Mdogo Wangu

Wiki hii mawifi, vikoba na wachumba wasioeleweka tuwape likizo, tuzungumze muvi. Malalamiko yananifikia kutoka pande mbili. Akina dada mnasema: mume akiweka muvi ya ngumi, mimi nashika simu yangu mpaka iishe. Akina kaka mnasema: dada, muvi za siku hizi hazina ladha, ni watu wanaopaa kwa kompyuta na majengo yanayoanguka, unasinzia, unaamka, bado yanaanguka. Nawajibu kwa pamoja kwa sababu tatizo lenu ni moja. Mnatazama muvi mbovu, halafu mnailaumu aina nzima.

Mimi muvi za mapigano na za kusisimua ni ulevi wangu, sifichi. Na kwa jinsi ninavyoona, mpenzi wa muvi hizi hajawahi kupata neema kama ya miaka hii. Ila neema yenyewe haishukii Hollywood peke yake. Iko Jakarta, Mumbai, Hong Kong na Seoul, na wengi wenu hamjaigusa kwa sababu tu kwenye bango hamkuona sura mnayoifahamu.

Kwa hiyo leo nawapa kipimo ninachotumia mwenyewe. Usihesabu maiti. Jiulize kama kipigo kina uzito. Hapo nakusudia mambo mawili. La kwanza, unauona mkono ukitoka na ukifika, au unarushiwa vipande vya picha na kusikia kishindo tu? La pili, aliyepigwa anaumia, na yupo mtu anayeumia kwa ajili yake?

Tuanze na la kwanza. Mwaka 2007 ilitoka The Bourne Ultimatum, Matt Damon akipigana ndani ya nyumba kule Tangier, na silaha mojawapo ilikuwa kitabu. Kamera ilitikisika, lakini ilitikisika kwa akili. Ulijua nani kashika nini na nani yuko karibu na mlango. Waigaji wakauchukua mtikisiko, akili wakaiacha. Ikafika Taken 3 ya mwaka 2014, Liam Neeson anaruka uzio mmoja, na picha inakatwa zaidi ya mara kumi kabla hajatua. Uzio, jamani! Mzee wa watu hajaruka kitu pale. Kilichoruka ni mkasi wa mhariri. Ukisinzia kwenye muvi ya hivyo si kosa lako.

Dawa yake ni The Raid ya Indonesia, ya mwaka 2011. Hadithi yake unaimaliza kwa pumzi moja: kikosi cha polisi kinaingia kwenye jengo la ghorofa la bosi wa dawa za kulevya, mlango unafungwa nyuma yao, sasa watoke. Mwongozaji ni Gareth Evans, mtu wa Wales aliyehamia Indonesia na kuupenda mchezo wao wa pencak silat. Steringi wake, Iko Uwais, alikuwa dereva wa kampuni ya simu kabla ya Evans kumwona akicheza silat. Lakini mimi namtazama zaidi yule adui mfupi, Mad Dog, anayechezwa na Yayan Ruhian. Ana bastola mkononi na mtu yuko mbele yake, ingemalizika kwa sekunde. Anaiweka bastola kando kwa sababu risasi haina utamu, anataka mikono. Baadaye anaacha mateka afunguliwe minyororo makusudi ili apigane na ndugu wawili kwa mpigo. Kamera imekaa mahali pake, unaona miili mizima, unaona wanavyochoka. Wakimaliza, na wewe uliyekaa kwenye kochi unahema.

Jambo la pili ndilo ninalotaka mlishike zaidi, hasa ninyi mnaosema muvi hizi ni za wanaume. Tafuta Kill, ya India, iliyoingia sinema mwaka 2024 chini ya mwongozaji Nikhil Nagesh Bhat. Komando anayeitwa Amrit anapanda treni ya kwenda New Delhi kumfuata mpenzi wake, Tulika, ambaye kwao wamemchumbia mwanamume mwingine. Kwenye treni hiyo hiyo wanapanda majambazi na visu vyao. Mpaka hapo unasema hii naijua. Subiri. Jina la muvi lenyewe linatokea kwenye skrini ikiwa imekwenda karibu nusu, na kuna sababu. Kabla ya hapo kijana anapigana kama askari, anazuia na kujihami. Baada ya hapo anapigana kama mtu aliyefiwa. Sitawaambia nani kafa.

Ila utamu wa Kill hauko kwa Amrit peke yake. Majambazi wale ni ukoo mmoja: baba, wana, wajomba, binamu. Kila akifa mmoja, wenzake wanasimama, wanamtambua, wanalia. Katika muvi ngapi umeona jambazi akilia msiba? Zile tulizozoea, steringi anamwaga njugu, watu ishirini wanaanguka, na hakuna anayeuliza walikuwa watoto wa nani. Hapa kila maiti ina jina na ina mjomba. Ndani ya behewa jembamba, na vitanda vya abiria huku na huku, huna pa kukimbilia. Kuna mtu mmoja anapondwa uso kwa mtungi wa kuzimia moto mpaka mimi nikatazama ukutani. Nawaonya: usiitazame ukiwa na sahani ya pilau mkononi, na watoto wawe wamelala. Lakini kati ya muvi za mapigano za miaka ya karibuni, hii ndiyo naiweka juu.

Kwa wanaopenda mapigano yenye hadithi ya maisha, nawapeleka Hong Kong. Twilight of the Warriors: Walled In, ya mwaka 2024, mwongozaji Soi Cheang, inatokea kwenye Mji wa Ukuta wa Kowloon miaka ya 1980. Mahali hapo palikuwepo kweli: eneo lisilofika hekta 3, watu zaidi ya 30,000, maghorofa yamebanana mpaka jua halifiki chini. Mji huo ulibomolewa kati ya mwaka 1993 na 1994, leo ni bustani. Kijana mkimbizi anatafuta kitambulisho, anatapeliwa, anakimbilia humo na kujikuta chini ya ulinzi wa mkubwa wa mtaa ambaye pia ni kinyozi. Angalia anavyokula wali na nyama ya kuchoma, angalia majirani wanavyopanga kulipiza kisasi cha mwanamke aliyeonewa. Ukishawapenda watu wale, kila ngumi inakuhusu. Kasoro yake ni mwisho: wameleta adui mwenye nguvu za miujiza, kisu hakiingii mwilini, na pambano linavutwa mpaka linapwaya. Asiyeumia hana mvuto, awe steringi au awe adui.

Wa Monkey Man nimewasikia. Naam, Dev Patel, yule wa Slumdog Millionaire, mzaliwa wa London ambaye wazazi wake walizaliwa hapa jirani, Nairobi. Mwaka 2024 aliiongoza muvi hiyo mwenyewe na kuicheza mwenyewe, wakapiga picha kisiwani Batam, Indonesia, na akavunjika mkono humo humo kazini. Hadithi ya mtoto aliyenyang'anywa mama na ardhi ina moto wa kweli. Ila mapigano ya mwanzo kamera imebanwa puani mwa watu, huoni kitu. Vumilia mpaka anapojifua kwa mdundo wa ngoma na kurudi. Pale anatulia, na ngumi zinaonekana.

Haya, mnaoogopa damu, nanyi msijifiche. Nina ya kwenu: Rebel Ridge ya mwaka 2024, iko Netflix, mwongozaji Jeremy Saulnier. Terry, anayechezwa na Aaron Pierre, anaendesha baiskeli kwenda mji mdogo wa Louisiana kumwekea dhamana binamu yake. Polisi wanamgonga kwa gari, wanapekua mkoba, wanachukua dola 36,000 alizonazo. Na kwa sheria za kule zinazoruhusu polisi kuzuia mali inayoshukiwa, wanayo karatasi ya kujitetea! Wanachokosea ni kutouliza huyu ni nani. Kuna mahali polisi wa kike yuko ndani anasoma kwenye kompyuta habari za mtu huyu, na wakubwa wake wako nje wanaongea naye kwa kejeli. Wewe unajua, yule wa ndani ndiyo kwanza anaanza kujua, wa nje hawajui. Hakuna hata ngumi iliyorushwa bado, na mikono imekutoka jasho. Terry yule ana uwezo wa kuua, na muda wote anajizuia asiue. Kujizuia ndiko kunakokuvuta kwenye ukingo wa kochi.

Na kama umewahi kupunguzwa kazini au unaishi na aliyepunguzwa, tafuta No Other Choice ya Park Chan-wook wa Korea Kusini, ya mwaka 2025. Baba wa familia, mtu wa kiwanda cha karatasi, anaachishwa kazi. Anafanya hesabu ya ajabu: nikiwaondoa wenye sifa kama zangu, nafasi ni yangu. Imetokana na riwaya ya Mmarekani Donald Westlake ya mwaka 1997. Inachekesha, kisha unajishtukia unacheka nini. Wale anaowafuata nao ni watu wasio na kazi, wana wake, wana aibu ile ile. Park anahakikisha unawafahamu kabla.

Najua kuna atakayeniambia: dada, Kihindi sijui, Kikorea sijui. Mdogo wangu, sisi tumelelewa na Lufufu Tanzania na DJ Afro Kenya, watafsiri wa muvi waliotushika mkono ndani ya vibanda umiza wakatupitisha kwenye lugha zote za dunia. Uganda nako Nabwana I.G.G. ametengeneza muvi pale Wakaliga, mtaa wa Kampala, kwa senti za mfukoni na damu ya rangi ya chakula. Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 ina sauti ya msimulizi VJ Emmie juu yake, na imetazamwa kote duniani. Watu wa huku lugha haijawahi kutuzuia kufurahia teke. Maandishi ya chini utayazoea ndani ya robo saa. Faida yake ni kwamba simu utaiweka chini, maana ukitazama pembeni umepitwa.

Sasa ya nyumbani. Dada unayechoshwa na muvi za mume, usinune, omba zamu: wiki hii anachagua yeye, wiki ijayo wewe. Mwonyeshe Kill, uone atakavyokuuliza umeijulia wapi. Kaka unayesema ladha imekwisha, acha kurudia sehemu ya kumi ya kitu kile kile. Na ninyi wenye watoto, muvi ya mapigano si katuni kwa sababu tu kuna mtu anaruka. Soma alama ya umri kabla hujabonyeza, na nyingi nilizozitaja leo ni za wakubwa.

Kama hujui pa kuanzia, anza na Rebel Ridge. Ukiimaliza bila kushika simu, nenda The Raid, kisha Kill, kwa mpangilio huo. Halafu niandikieni mniambie ipi iliwatoa jasho, na ipi mnadhani nimeisifia bure. Nitajibu.