Mwalimu Ajiendeleze kwa Ajili ya Nani?

Ukimwuliza mwalimu kijana aliyepangiwa shule ya msingi wilayani Tarime au Serengeti, mkoani Mara, ana shabaha gani katika kazi yake kwa miaka mitano ijayo, yaelekea atakujibu pasipo kusita: nipate shahada, nipande cheo, nihamie mjini. Hatumlaumu. Mshahara hufuata cheo, na nyumba ya mwalimu katika vijiji vingi si ya kumwalika mgeni. Lakini katika majibu hayo matatu tumemtafuta mtoto, tusimwone. Ndilo jambo tunalotaka kulitazama leo pamoja na wasomaji wetu, wazazi na walimu. Twaona kwamba kujiendeleza katika ualimu kuna njia mbili: moja humtoa mwalimu darasani, na nyingine humrudisha humo akiwa na macho mapya.

Tuanze na jambo dogo, jambo la herufi moja. Watoto wengi wa Tarime, na wengi wa Serengeti pia, huingia shule wakisema Kikuria. Lugha hiyo haitenganishi sauti ya L na ya R, nazo irabu zake ni saba, ambapo za Kiswahili ni tano tu. Basi mtoto huona “kula” ubaoni, akasoma “kura”. Mwalimu aliyetoka mkoa mwingine hucheka, au humsahihisha mara kumi, kila mara kwa sauti kubwa zaidi ya kwanza, kana kwamba mtoto ni kiziwi. Mtoto yule hakushindwa kusoma. Amezitambua herufi, ameziunganisha, ametamka neno. Kilichobaki ni sikio lake, ambalo halijapata kufundishwa kwamba hizo ni sauti mbili. Dawa yake ni kumzoeza kusikia kabla ya kumdai atamke: kalamu na karamu, mahali na mahari, kula na kura, mwalimu aseme, watoto waonyeshe picha au kitu chenyewe, mpaka tofauti iingie.

Mwalimu asiyejua haya humwandikia mtoto huyo kwamba hajui kusoma. Kwa kosa hilo moja mtoto huhesabiwa miongoni mwa wajinga, naye mwenyewe huamini. Wengine huanza kutoroka shule kwa sababu hiyo. Twasema basi kwamba mwalimu aliyejiwekea lengo la kujua, kwa muhula mmoja tu, makosa yapi ya watoto wake yatoka katika lugha ya nyumbani na yapi yatoka katika kutojua herufi, huyo ana lengo la kweli la kazi yake. Halina ada. Mkufunzi wake ni mwalimu mwenziwe aliyezaliwa hapo, au bibi jirani anayemwuzia maziwa. Tena asije akadhani kwamba akijua la Kikuria amemaliza: akihamishiwa Serengeti aweza kukuta Wangoreme, Waikoma, Wanata na Waisenye, na itampasa kutega sikio upya.

Wako watakaosema kwamba mwalimu hujifunzia chuoni, si kijijini. Mkoa wa Mara una jibu la zamani. Novemba 1974 viongozi wa TANU walikutana Musoma, wakaamua kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote kufikia Novemba 1977. Walimu hawakuwapo wa kutosha, na vyuo visingeweza kuwafundisha upesi namna hiyo. Ndipo walipochaguliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafunzwa ualimu huko huko vijijini kwa muda wa miaka mitatu: sehemu ya siku wakifundisha, sehemu wakisoma chini ya mkufunzi, kwa masomo ya posta na ya redio. Zaidi ya 35,000 walifuzu kwa njia hiyo.

Twajua jinsi walivyodhihakiwa. Wenye masihara walizisoma herufi za UPE kuwa ni Ualimu Pasipo Elimu, na dhihaka hiyo haikuwa uongo mtupu, kwa maana kijana wa darasa la saba hawezi kufundisha hesabu asizozijua. Haraka ilikuwa kubwa mno. Hata hivyo palikuwa na jambo moja jema ambalo wengi wamelisahau walipokuwa wakicheka: somo alilojifunza kijana yule Jumatatu, Jumanne alilijaribu mbele ya watoto, na Jumatano aliweza kumwuliza mkufunzi kwa nini limemshinda. Mwalimu anayehudhuria semina ya siku tatu katika ukumbi wa wilaya, akarudi na mkoba na kalamu, hapati nafasi hiyo.

Siku hizi serikali imeirudia njia ile kwa utaratibu ulio bora. Mradi wa EQUIP-T, ulioanza 2014 na kumalizika 2020, uliufikia Mara pia, na walimu wa madarasa ya chini wakafunzwa shuleni pao namna ya kufundisha kusoma, kuandika na kuhesabu. Sasa upo mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, uitwao MEWAKA, ambao huwataka walimu wa shule moja wakutane katika jumuiya ya ujifunzaji. Haja yake imezidi tangu Januari 2024, mtaala mpya ulipoanza kutumika. Lakini jumuiya hiyo yaweza kuwa uhai, yaweza kuwa karatasi. Wakikutana, wakatia sahihi, wakasoma waraka na kuagana, wamepoteza alasiri yao. Afadhali mmoja alete madaftari kumi ya darasa lake ayaweke mezani, wote wayatazame, wakubaliane kosa moja la kulishughulikia kwa juma mbili, na mwenziwe aje kuketi nyuma ya darasa asikilize. Hilo la mwisho ndilo wengi huliogopa. Mwalimu mkuu akianza yeye kukaribisha watu darasani mwake, hofu hupungua.

Kuna elimu nyingine ambayo mwalimu wa Tarime na Serengeti hana budi kuitafuta, nayo ni nzito kuliko herufi. Desemba, shule zikifungwa, ndio majira ya ukeketaji katika baadhi ya koo. Sheria ya 1998 yakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Tangu 2008 wapo Masanga, wilayani Tarime, watu wanaowapokea wasichana wanaokimbia kisu. Msichana wa darasa la sita huyajua mapema yanayokuja, naye huanza kunyamaza Oktoba. Je, mwalimu ameujua unyamavu huo? Ajua namna ya kumwuliza pasipo kumtia hatarini nyumbani? Ajua ofisi ya ustawi wa jamii iko wapi, na dawati la jinsia na watoto la polisi? Swali baya, likiulizwa mbele ya wengine, laweza kuharakisha lile tunalotaka kulizuia. Kwa hiyo ni ujuzi, nao hujifunzwa.

Hatusemi shahada ni mbaya. Julius Nyerere, mwana wa Butiama katika mkoa huo huo, alifundisha St. Mary's Tabora mpaka 1949, akaenda Edinburgh kusoma, na aliporudi na shahada yake alisimama tena mbele ya darasa, huko Pugu, mwaka 1953. Ni kweli kwamba 1955 aliuacha ualimu kwa ajili ya siasa. Lakini jina la Mwalimu hakuliacha, wala watu hawakumwachia.

Nanyi wazazi, mwendapo shuleni msiulize tu mtoto amekuwa wa ngapi. Mwulizeni mwalimu yeye mwenyewe anajifunza nini muhula huu, na kijiji kimsaidie nini.

Naye mwalimu atakaye kuanza, anunue daftari moja la kawaida. Katika ukurasa wa kwanza aandike tarehe, na majina ya watoto watano wasioweza bado kusoma sentensi fupi, na sentensi yenyewe. Mwisho wa muhula awape sentensi ile ile, mwenziwe akiwapo, na mbele ya kila jina aandike alichokisikia.