Kupima Tangi Kuukuu la Mashine ya Upepo

Mtu akitaka kununua mashine kuukuu ya kujazia upepo katika matairi, neno la kwanza aulizalo ni kama mota yake inazunguka. Mota mbovu humtia hasara tu; bali tangi bovu laweza kumwua, yeye na mteja wake aliyesimama akingoja gurudumu.

Hebu tupige hesabu. Tangi lenye upana wa inchi 20 lina inchi za mraba 314 katika kila ncha yake. Upepo ukifika ratli 120 kwa kila inchi ya mraba, ncha ile husukumwa kwa nguvu ipatayo tani 17, yaani uzito wa lori lililojaa shehena. Chuma kizima hustahimili. Lakini hewa huchukua mvuke, nayo ikisongwa kisha ikapoa, maji hutuama chini ya tangi. Basi kutu huanzia ndani, mahali pasipoonekana. Rangi mpya iliyopakwa na mwuzaji na ikutie shaka kuliko kukufurahisha.

Kwa hiyo kabla ya kuiwasha, hakikisha kwamba hamna upepo ndani, kisha fungua kizibo cha chini. Yakitoka magamba ya chuma, au ukimulika ndani kwa taa na kuona vishimo, tangi hilo limekwisha. Lisitiwe kiraka wala lisilehemiwe. Litobolewe ili asilitumie mtu ye yote tena. Na kama halina kibati kionyeshacho nguvu liliyoundiwa, usikisie.

Likionekana zima, lijaribiwe kwa maji, wala si kwa upepo. Upepo uliosongwa ni kama upinde uliovutwa: chuma kikipasuka, hutanuka ghafula na kurusha vipande. Maji hayasongeki ila kidogo sana. Chuma kikiachia, hutiririka tu na sindano ya kipimo hushuka mara moja. Vali ya usalama huondolewa na matundu huzibwa, ila moja lililo juu kabisa, nalo tangi hujazwa mpaka hewa yote imetoka. Hewa ikibaki, hatari imebaki. Ndipo maji husukumwa kwa pampu ya mkono, polepole, mpaka kufika mara moja na nusu ya nguvu ya kazi: kwa tangi la ratli 120, ni ratli 180. Sindano itulie, na maungio yawe makavu. Kazi hii mwachie mkaguzi. Nchini Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka matangi ya namna hii yakaguliwe na mtu aliyeidhinishwa.

Vali ya usalama yafaa iwe mpya, nayo ifunguke yenyewe kabla nguvu haijapita ile ya kibati. Wako mafundi waikazao kwa sababu mlio wake huwaudhi! Mlio huo maana yake ni kwamba swichi ya kuzimia mota ina kasoro, na iliyo mbovu ndiyo itengenezwayo. Mkanda na puli zifunikwe kwa wavu. Mabomba ya plastiki ya maji yasitumiwe kwa upepo, maana hupasuka vipande vikali kama kioo.

Na kila jioni, mota ikiisha kuzimwa na upepo kupunguzwa, fungua koki ya chini kidogo kidogo mpaka maji yote yatoke.